Sahani ya Tambuu ya Wageni

Siku Kitbok alipohamia kwa mkewe kule Mawlai, kama ilivyo desturi ya Wakhasi, watu wa milima ile, mama mkwe alimwonyesha sahani ya tambuu, kisha kapu la tambuu kando ya jiko. "Sahani ile ni ya wageni, mwanangu. Wewe jikatie mwenyewe humu kapuni, usingoje kuhudumiwa kama diwani." Kitbok akacheka. Tangu hapo akawa anajikatia popoo, anapaka chokaa, anatafuna, mtu wa nyumbani.

Kazi yake ilikuwa gitaa. Bendi yake ya roki ilikuwa njiani miezi minane kwa mwaka, Kohima, Dimapur, hadi Bangalore, na nyimbo zote alitunga yeye. Lakini ukweli usemwe: maneno yalikuwa ya mkewe, Ibadari. Kila asubuhi alimpigia simu, na Ibadari akilalamikia bati linalovuja, juma la pili bati limo kwenye kiitikio. Mwanzoni ilimchekesha Ibadari. "Leo nina mafua," alimwambia mara moja. "Nikupigie na chafya, uitie humo?" Na kweli Kitbok aliitia.

Kisha akaja mtoto, kabla ya siku zake, Kitbok akiwa Bangalore na shoo tatu zimebaki. "Nikimaliza tu naja," akasema. Nyumbani wakampa mtoto jina, Shemphang, baba akalisikia kwenye simu. Mtoto aliishi siku tisa. Kitbok hakumwona, na hilo hakuna gitaa la kulipamba.

Asubuhi ya mazishi Ibadari ndiye aliyepiga. "Wanakuja hapa wananiambia amekwenda kutafuna tambuu nyumbani kwa Mungu, kama wanavyosema kwa kila maiti," akasema. "Baba Shem, atatafunaje? Meno hana."

Kitbok alijifungia chooni hotelini akalia mpaka sauti ikakauka. Alilia kweli, tusimsingizie. Ila alipotoka aliomba kalamu.

Wimbo ukavuma. Watu wakawa wanauimba wamefumba macho, meno hana, meno hana, na kila Kitbok alipojiambia leo siuimbi, umati uliudai naye akauimba. Kitbok hakumwambia mkewe. Ibadari aliusikia soko la Iewduh, muuza samaki akiuimba huku anapara magamba. Aliwaacha samaki palepale akarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake hakupokea simu, wala keshokutwa.

Ndipo Kitbok alipokatisha ziara, jambo ambalo kwa mtoto hakulifanya. Siku tatu za treni na gari alikuwa na ombi moja tu: akubaliwe tena katika nyumba ile.

Alifika adhuhuri, kalowa chapachapa. Mama mkwe alimsogezea kigoda karibu na moto, akamuuliza habari za njia. Kapu la tambuu halikuwa mahali pake.

"Ibadari," akaanza, "ule wimbo sitauimba tena. Nakuapia."

"Imba tu," akajibu mkewe, bila hasira. "Watu washaujua. Ukinyamaza wewe, wataimba wao."

Akaingia chumbani, akatoka na sahani ya wageni. Tambuu mbili, zimekunjwa vizuri, chokaa imeshapakwa. Akaiweka mbele yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Karibu," akasema.

Kitbok akaelewa. Alichukua moja akatafuna, machozi yakimtoka, na mama mkwe akageuka kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Hakuna aliyemfokea. Afadhali wangemfokea.

Ibadari alikuwa anautazama mkono wa mumewe. Vidole vilikuwa vimeanza kugongagonga juu ya goti, taratibu, vikitafuta mdundo, na mwenyewe hana habari.

"Kalamu iko pale dirishani," akamwambia.