Tulimjibu Kila Alichouliza

Naikumbuka vizuri siku ile niliyomwambia baba yangu kwamba rafiki yangu mmoja hajaonekana, naye akaniuliza rafiki huyo anaitwa nani, nami nikabaki nimekodoa macho.

Mwanangu, hebu weka simu kando kidogo. Sikukatazi kuchati. Mimi mwenyewe nilichati kabla wewe hujazaliwa, tena kwa vidole vyepesi kuliko hivyo vyako. Nilikuwa binti mbichi, nimeajiriwa kuchapa barua na mitihani katika steshenari moja ya Singida mjini. Kompyuta ya pale kioo chake kilikuwa na kisogo kikubwa kama gunia la alizeti, na feni yake ilipiga kelele mpaka mteja anainua sauti kusema anataka kopi ngapi. Mtandao tuliupata kwa laini ya simu ya mezani. Unabofya ukurasa, unakwenda kununua maandazi kwa mama wa jirani, unapiga naye soga kidogo, ukirudi ukurasa bado unajikongoja. Lakini ulipofunguka, nilikuwa na raha ambayo hata leo siwezi kukueleza ukaielewa, kwa sababu wewe hujawahi kuusubiri.

Tulikuwa na jukwaa letu la wapenda kompyuta, sisi tukiliita Kijiwe. Watu walitoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alikuwa na jina la kujibandika. Mimi nilijiita Alizeti. Alikuwepo mmoja wa Dodoma aliyejiita Waya Mwekundu, fundi kweli, lakini ulimi wake haukuwa na breki. Yupo wa Manyoni aliyetuandikia siku moja kwamba aliacha sipiyu wazi ili ipoe, akarudi akakuta kuku amelala ndani yake na yai tayari. Tulicheka wiki nzima. Waya Mwekundu akamwambia hiyo ndiyo mashine pekee nchini inayozalisha chochote.

Ndivyo tulivyokuwa tukishinda. Huyu kirusi kimemlia kazi zake, yule umeme umekatika hajahifadhi, mwingine anauliza mashine ikilia mlio mrefu inataka nini. Mtu akileta swali, tunalirukia kwa wingi, kila mmoja anataka awe wa kwanza kujibu, maana jibu zuri lilikuwa sifa. Nisikudanganye, nilikuwa napenda sifa. Mtu asiyenijua akiandika "Alizeti, wewe ni noma," ninatembea siku nzima nimevimba kichwa.

Basi akaingia mtu aliyejiita Mpunga, wa Shelui. Maswali yake yalikuwa ya mwanzo kabisa, kwa hiyo wote tukajua ni kijana aliyepata kompyuta juzi. Na alikuwa na tabia moja. Kila asubuhi, kabla ya neno lingine lolote, aliandika: "Habari za kuamka, wanakijiwe. Huku Shelui tumeamka salama, malori yameshaanza kunguruma."

"Dogo," Waya Mwekundu akamjibu, "salamu mpelekee shangazi yako. Hapa lete tatizo."

"Sawa, mkubwa," akaandika Mpunga. Kesho yake akasalimia tena.

Tulimzoea. Akatueleza kwamba jirani yake ana mashine ya kusaga, na ikiwashwa tu, kompyuta yake inazima. Tukamfundisha la kufanya. Siku nyingine akauliza namna ya kuyafanya maandishi yawe makubwa kidogo. Hilo nilimjibu mimi, hatua kwa hatua, vizuri mpaka watu wakanipongeza. Baada ya muda akarudi: je, yanaweza kuwa makubwa zaidi? Nikamwonyesha. Kisha akauliza kama kuna njia ya kuongeza mwanga. Ipo, tukampa. Halafu akaona nyeupe ya kioo inamchoma, akataka ukurasa uwe mweusi na herufi ziwe nyeupe. Hilo lilikuwa gumu kidogo, tukashindana wenyewe kwa wenyewe nani ataligundua, na aliyeligundua alisifiwa sana.

Mwisho akasema hata hivyo bado kuna ukungu. Waya Mwekundu akatoa hukumu: "Dogo, kioo chako kimechoka. Tafuta kingine." Hakuna aliyempinga, kwa sababu vioo vya siku zile kweli vilikuwa vinachoka. Mpunga akashukuru. Akatuaga kwamba anauza mbuzi wake wawili ili akachukue kioo kipya, na sisi tukamtakia heri.

Baada ya hapo hakuandika tena.

Siku za mwanzo sikujali. Kisha nikaanza kugundua kwamba kila asubuhi nikifungua Kijiwe natafuta kitu na sikioni, na kitu chenyewe ni ile salamu iliyokuwa ikitukera. Nikaandika, "Mpunga, upo?" Waya Mwekundu akasema kijana atakuwa ameoa. Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye printa.

Jumapili nikaenda nyumbani Issuna kuwaona wazazi. Nilimkuta baba uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zinarukaruka. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia kwamba kuna rafiki yangu wa Shelui hajaonekana.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Nikasema anaitwa Mpunga.

"Hilo ni la kwenye gunia. La kwake?"

"Silijui, baba."

"Ni mkubwa kwako au mdogo?"

"Nadhani mdogo."

"Unadhani! Ana mke? Anakaa kwa wazazi? Ni mzima, ni mgonjwa?"

Nikajitetea kwa kile nilichokijua: mashine yake ni ya mwaka gani, kumbukumbu yake ina ukubwa gani, feni yake inalia vipi, na kwamba jirani akisaga, inazima. Baba akacheka mpaka akaegemea fimbo. Alipomaliza kucheka akahama Kiswahili, akaniambia kwa Kinyaturu, lugha aliyoitumia nyumbani pale ambapo hataki tena mzaha. Aliniambia kwamba hapa kijijini mtu asipoonekana asubuhi, majirani wanakwenda kumgongea. "Wewe umekula naye maneno miezi yote hiyo," akasema, "na huna mlango wa kugonga. Sasa unataka mimi nikuonee huruma, au unataka kwenda kuutafuta?"

Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika kwa sababu alinisema mbele ya mama na wadogo zangu, na kwa sababu alikuwa amesema kweli. Wiki iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Nzega.

Ukishateremka mlima wa Sekenke, joto linakupokea kabla hujafika Shelui. Nilishuka barabarani katikati ya malori, wauza mahindi ya kuchoma wakanizunguka, na sikuwa na pa kuanzia isipokuwa yale niliyoyajua. Nikamwendea mama mmoja muuza chai, nikamsalimia, nikamuuliza kama kuna nyumba yenye kompyuta jirani na mashine ya kusaga. Nilijua swali ni la kipuuzi. Yeye hata hakushangaa.

"Si kwa Mwalimu huyo!" akasema. "Pita hapo nyuma ya malori, utasikia mashine."

Nikaenda. Uani mama mmoja mtu mzima alikuwa anapepeta mchele. Ukutani, juu ya kigoda, alikaa mzee wa mvi tupu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kama walimu wa zamani walivyokuwa wakivaa. Kumbe dogo wetu ndiye huyu; nikapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa furaha, akageuzia uso wake mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili.

Nikasema, "Mimi ni Alizeti. Wa Kijiweni."

Akacheka kwa sauti, akainuka, akanyoosha mkono kunisalimia. Mkono ule ukapita pembeni ya wangu, ukabaki hewani unatafuta. Niliudaka kwa mikono yangu yote miwili. Na hapohapo, nikiwa nimeushika, maswali yake yote yakanirudia kwa mpangilio: maandishi makubwa, makubwa zaidi, mwanga, ukurasa mweusi, ukungu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mkewe alikuwa ameacha ungo. Akauliza, "Mwalimu, macho yamefanyaje?"

Hakuwa anajua. Nyumba ile waliijenga wenyewe, na mzee aliijua kwa miguu, kila kizingiti na kila kiti. Alihofia watoto wakijua watamchukua wakamweke kwao mjini, na yeye hakutaka kuondoka Shelui. Kompyuta yenyewe mwanawe wa Mwanza ndiye aliyempa alipostaafu, na ilimkolea. Alituambia haya yote taratibu, pale uani, mkewe akiwa amesimama mbele yake na mikono kiunoni, machozi yanamtoka na maneno pia. Alimgombeza Mwalimu yule kama anagombeza mtoto wa darasa la kwanza, kisha akaingia jikoni, na muda si mrefu nikasikia kuku analia.

Mzee akaniongoza ndani. Kioo kipya kilikuwa mezani, karatasi yake ya plastiki bado haijabanduliwa pembeni.

"Nilipokiwasha," akasema, "nikaona giza lilelile. Ndipo nikajua kioo cha kwanza kilikuwa kizima."

"Kwa nini hukutuambia, babu?"

"Ningesema nini? Pale ni mambo ya kompyuta. Macho ya mtu si mahali pake." Akapapasa meza mpaka akapata ukingo wake. "Lakini mlinijibu vizuri sana, mwanangu. Hakuna nilichouliza mkaacha kunijibu."

Alikuwa ananishukuru. Hakuwa na kijembe hata chembe moyoni mwake. Baba yangu aliponisema nilikasirika na ikaisha. Lakini shukrani ya mzee yule imenikaa mpaka leo, na nimezeeka nayo.

Nilikula kuku wao kwa shida. Kabla sijaondoka, mkewe akaniomba niende naye mpaka kwenye kibanda cha simu, tukampigia mwanawe. Juma halikuisha Mwalimu akawa hospitali. Jicho la kulia waliliwahi, likatibiwa, akaendelea kuona nalo kiasi mpaka mwisho wa maisha yake. La kushoto lilikuwa limeshakufa kwa presha ya macho. Mkewe alinipigia simu steshenari kunieleza. Daktari aliwaambia kwamba angefika pale maandishi yalipoanza tu kumsumbua, macho yote mawili yangeokolewa. Nilirudisha simu mahali pake, nikaenda kukaa nyuma ya duka nikalia, kwa sababu mtu wa kwanza kabisa duniani kuambiwa kwamba maandishi yanamsumbua Mwalimu yule nilikuwa mimi. Mkewe hakuambiwa. Wanawe hawakuambiwa. Aliniambia mimi, na mimi nikamfundisha kukuza herufi.

Niliyaandika yote Kijiweni. Siku hiyo hakuna aliyeleta tatizo la mashine. Waya Mwekundu, aliyekuwa hakosi neno, jioni aliandika mstari mmoja tu: "Alizeti, ukiongea na mzee, mwambie shikamoo yangu."

Baada ya hapo Kijiwe kilibadilika. Mtu akiuliza jinsi ya kuondoa nywila aliyoisahau, tunamjibu, na mwingine anamuuliza, "Vipi, mbona siku hizi unasahau sana?" Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba yule wa Manyoni alikuwa amefiwa na mama yake. Tukachanga, wawili wetu wakaenda kwenye msiba wakawakilisha wengine. Watu wa kule walishangaa, hawa wageni ni ndugu wa upande gani.

Kijiwe chenyewe hakipo tena. Siku moja nilifungua, ukurasa haukuja, na mara hii haukuwa uzito wa laini. Waya Mwekundu sijui yuko wapi. Huenda ana wajukuu, na huenda wanamwita babu, ulimi wake ukiwa uleule. Nawakumbuka, mwanangu. Nikisikia feni ya kompyuta kuukuu inalia mahali, nasimama kidogo, na vijana wananiuliza, "Mama, vipi?" Siwaambii. Nasema tu miguu imechoka.

Sasa nisikilize, maana haya ndiyo niliyokuitia. Wewe una makundi kwenye simu yako yenye watu wengi kuliko kijiji cha baba yangu. Mmoja anauliza namna ya kuzima mlio wa simu usiku. Mwingine anauliza namna ya kufuta picha zote kwa mkupuo. Mwingine anauliza jinsi ya kufunga akaunti yake moja kwa moja. Na wewe unajua, najua unajua, unawajibu upesi na kwa usahihi. Endelea kuwajibu, ni jambo jema. Ila ukishamaliza kujibu usiondoke hapohapo. Muulize na yeye: kwani kuna nini? Uko na nani huko? Hujambo kweli? Jua jina alilopewa na wazazi wake na mahali anapolala. Atakayekuona mmbea, akuone mmbea. Kati ya wengi watakaokwambia hawana neno, yupo mmoja anayekusubiri umuulize, na hatakuambia asipoulizwa.

Nenda sasa, chukua simu yako. Mungu akutunzie macho yako na moyo wako, akuzidishie maarifa uliyonayo, na siku ambayo wewe ndiye utakuwa unauliza maswali madogo madogo, akujalie mtu atakayekujibu, kisha asiondoke.