Ndoano ya Kutolea Ganda

Tarehe tisa Juni, mawingu mazito bila mvua. Fundi vyuma hakukalia kiti mchana kutwa. Mkwewe, askari wa wanyamapori, alikuwa anarudi porini kesho yake, na safari iliyopita ganda la risasi lilinasa ndani ya bunduki, akalichokonoa kwa kisu huku nyati akimjia. Fundi alikuwa akiipiga tupa ndoano ya chuma, akiipuliza kama anayepoza uji, akiijaribu kwenye ganda lililonasa katika mtutu mbovu.

"Baba, kaa basi, chai imeshakuwa maji," alisema binti yake.

Mkwe aliichukua ndoano, akafumba macho kama yuko gizani, akavuta, ganda likatoka. "Imekubali, mzee."

"Rudia."

Asubuhi mkwe aliondoka na ndoano mfukoni. Fundi akaanza kukata chuma kingine, maana ile huenda ikadondoka majanini.