Mbasa wa Mdachi

Hadithi hii inanionyesha nikiwa mjinga, lakini ngoja niseme. Juzi ufukweni nilisikia harufu ya samaki mbasa wa kuchoma, nikamkumbuka baba. Wazungu walimchukua kubeba mizigo ya vita vyao, hakurudi.

Mchana mmoja kabla ya vita hiyo, nikiwa mtoto, baba na mimi tulimpeleka Mdachi mmoja, yaani Mjerumani, kwa mtumbwi kwenye visiwa vya mawe. Alivua mbasa mnene, akacheka, akamwachia majini. Kwetu samaki akishavuliwa ni kitoweo, nikadhani amemponyoka. Nikajirusha nimkamate! Nilimeza maji mpaka masikio yakavuma. Leo najua wapo wanaovua kwa kujifurahisha tu.

Baba alinivuta kwa sikio, akanirudisha mtumbwini.

“Mjinga wewe! Ungezama, nani angenichekesha pale nyumbani?”