Askari wa Kitabuni na Walubengo wa Saboti

Walubengo alikuwa ametumikia jeshi miaka kumi na moja alipokuja likizo, mwaka wa 1986, akakuta kitabu kinamvunjia uchumba.

Wilkista wa Kimilili, mama yake Nasimiyu mchumba wake, alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la gumbaru. Baada ya Biblia, kitabu cha kwanza kumfikia mkononi kilikuwa hadithi ya askari mlevi anayempiga mkewe. Kwake, kilichopigwa chapa ni kweli tupu. Akatangaza kwamba kesho ng'ombe wa mahari watarudishwa Saboti.

Walubengo akaenda kujitetea. Lakini kwa Wabukusu mwanamume hatazamani na mama mkwe. Basi akaketi nje ya jiko, mgongo ukutani, na Wilkista akabaki ndani, kitabu magotini.

"Mama, nisomee huyo mwenzangu."

Akamsomea polepole, kidole kikifuata maneno. Askari alilewa. Askari alivunja mlango. Askari alilala na buti miguuni.

Walubengo akacheka. "Hapo amedanganya, mama. Buti ndizo tunazovua kwanza. Vidole vinalia!"

"Cheka tu. Huko mbele atakuumbua."

Huko mbele askari alikuwa lindoni, mpakani. Kichaka kikatikisika, naye akatetemeka, akalia, akamwita mamake.

Walubengo alikuwa na kichaka chake, kule kaskazini. Kilitikiswa na mbuzi tu, lakini mbuzi alikwisha kwenda zake na meno ya Walubengo bado yanagongana. Hajawahi kumwambia mtu. Na nani humwoza binti yake kwa mwoga?

"Sasa hucheki," Wilkista alisema. "Hapo pia amedanganya?"

"Hapana, mama. Hapo ni mimi."

"Ati askari anaogopa?"

"Mara nyingi kuliko anavyokula."

"Na ukiogopa, unapiga mtu? Kama huyu?"

"Ninafua nguo."

"Unafua?"

"Zangu zikiisha, nafua za wenzangu. Mkono ukishika sabuni, unatulia."

Nasimiyu, aliyekuwa akianika mahindi uani, hakuweza kujizuia. "Si ndiyo maana shati zake zote zimepauka, mama! Nilidhani ni jua la huko!"

Wilkista alicheka kwanza, kisha akaweka kidole pale alipoachia kusoma. Marehemu mumewe hakuwahi kuogopa kitu, au ndivyo alivyosema. Na alipokuja nyumbani na hofu asiyoitaja, ni yeye Wilkista aliyeibeba mgongoni kwa alama za fimbo. Huyu wa nje ameitaja yake bila kuulizwa mara ya pili.

"Nasimiyu," aliita, "mwambie mjomba wako Nyongesa asijisumbue kesho. Ng'ombe wanabaki hapa."

Walubengo akainuka, akasitasita, hajui amshukuru vipi mtu asiyemwona.

"Unaenda wapi?" Wilkista aliuliza kutoka ndani. "Kaa chini. Huyu mwingine bado analia pale kichakani, nami nataka kujua kama kuna mtu atamwendea."