Wembe Mmoja kwa Nyumba Nzima

Kaka yangu alirudi kutoka kuchimba dhahabu Namungo akiwa na maumivu ubavu wa kulia na uchovu usiokwisha. Kwetu Mtua hatukuumiza kichwa kutafuta sababu. Mtu katoka machimboni na pikipiki mpya, kaezeka bati nyumba aliyotuachia mama, halafu anaumwa? Kaonewa kijicho, basi. Hata mimi nisiye na subira na waganga nilisema hivyohivyo, tena kwa sauti ili majirani wasikie.

Akaitwa mganga aje kuizindika nyumba. Mgonjwa huchanjwa chale kwanza, halafu wote wanaolala chini ya paa lake, na dawa nyeusi inasuguliwa kwenye damu ili ubaya ukimtoka usihamie kwa ndugu. Nyumba yetu ilikuwa watu wawili tu: yeye aliyefiwa na mke, na mimi niliyerudi nyumbani kwa talaka.

Wembe ulikuwa mpya. Nilijionea mwenyewe ukitolewa kwenye karatasi yake, nikaridhika kabisa. Mganga alipomaliza kumchanja kaka kifuani na mbavuni, akaufuta kwa kitambaa akanigeukia. Nikamwambia asubiri, naukimbilia wa kwangu dukani. Kaka akacheka.

"Mdogo wangu, sisi tumetoka tumbo moja. Wembe wa pili wa nini? Ukitenganisha nyembe umegawa kinga."

Mganga akasema ndivyo ilivyo, nyumba moja wembe mmoja. Nikageuza mgongo nichanjwe. Kaka ndiye aliyenishika mabega nisitetemeke, huku akinitania kwamba mwanamke mwenye mdomo kama wangu anaogopaje kiwembe.

Na akapona! Machoni petu alipona. Maumivu yalitulia, tukavuna korosho msimu baada ya msimu, na siku za mechi alipanda pikipiki yake hadi Ruangwa kushangilia, akarudi sauti imemkauka. Tulimsifu mganga yule kila tulipopata wa kumsimulia.

Kisha mwaka jana, ufuta ukiwa bado shambani, tumbo likaanza kujaa. Uso unakonda, tumbo linakua, macho yamekuwa ya manjano. Hospitali ya Nachingwea wakampima damu, wakatupa rufaa twende mbele. Huko daktari, binti wa rika la kuwa mwanangu, alitukalisha akatueleza taratibu. Kaka ana homa ya ini aina ya C. Ni kirusi kinachokaa ndani ya damu miaka na miaka, mwenyewe hana habari, kumbe ini linaliwa na kujaa makovu. Ndani ya makovu hayo saratani ilikuwa imeshaota.

"Dawa ya kirusi ipo, mama, ni vidonge," akaniambia. "Angekuja mapema tungekiondoa. Sasa ini limechoka na uvimbe umesambaa. Tutamtuliza maumivu."

Nilimfokea yule binti. Jamani, nilimfokea! Nikamwambia hajui kazi, arudi shule. Aliniacha nimalize, akamuuliza kaka kama aliwahi kuongezewa damu, au kutumia sindano na nyembe za pamoja. Kaka akafikiria jando, akafikiria machimbo, hakuwa na hakika kirusi alikipatia wapi. Akapandisha shati amwonyeshe chale zile.

"Baada yako, kwa wembe huo alichanjwa nani mwingine?"

Kaka alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, na Mungu asinirudishie tena siku ile.

Nikatolewa damu palepale, tukaambiwa majibu kamili nitayafuata. Tangu hapo kaka hakuuliza tena habari za ugonjwa wake. Asubuhi nikimpelekea uji, neno la kwanza ni, "Majibu?" Nikimwambia bado, anasukuma kikombe. Mtu anakufa, jamani, na anachokingoja ni damu yangu mimi.

Majibu yalipotoka, kirusi ninacho. Ila ini langu lilikuwa bado zima. Daktari alinipa vidonge, kimoja kila siku kwa miezi mitatu, akasema wengi wanaokunywa hivyo wanapona kabisa. Njia nzima kwenye bodaboda nilipanga nitaanza na habari ya kupona. Nilipofika mlangoni nikaanza vibaya, hofu tu.

"Ninacho, kaka, lakini..."

Hakulisikia neno "lakini". Alilia, yeye ambaye hata msiba wa mkewe hakutoa chozi mbele yangu. Nikamshika mkono. Akauondoa.

"Usinishike tena, mdogo wangu. Nimekuua."

Nikamweleza kwamba hakiambukizi kwa mkono wala kwa chakula, kwamba dawa ninayo, hii hapa, itazame. Alijua. Alimsikia daktari kama nilivyomsikia mimi. Ila aibu ilikuwa imemshinda, wala hakuamini kwamba vidonge vitaniponya. Tangu siku hiyo jirani mmoja ndiye aliyemnywesha na kumgeuza kitandani. Mimi nilipika uji nikaukabidhi, nikakaa kizingitini kumchokoza kama zamani: "We mzee, unaringa nini? Nani kakwambia nakufa? Thubutu!" Nilitaka acheke mara moja tu. Aligeukia ukuta.

Alikufa hivyohivyo amegeukia ukuta. Wanaume wakamwosha, wakamkafini, wakamchukua. Mimi nilibaki uani na wanawake, na kidonge cha siku ile nilikimeza wakati wanainua jeneza. Nilikichukia kidonge kile.

Mwezi huu nimepimwa tena. Kirusi hakipo. Yule binti daktari alifurahi mpaka akanikumbatia, akaniuliza nyumbani nitaanza kumpigia nani simu.

Nikamwambia sina wa kumpigia. Mtu aliyekuwa anayangoja majibu haya nimeshamzika, na amekwenda akiamini ameniua.