Hesabu za Doña Tránsito

Evert aliondoka mji wa Estelí mwisho wa Oktoba kwenda kuchuma kahawa Kostarika. Wiki tano baadaye mkewe, Yahoska, akajijua ana mimba. Alikuwa msokotaji wa sigaa kiwandani, mwanamke wa maneno machache, akiishi kwa mama mkwe wake, Doña Tránsito. Habari aliitoa kwa furaha. Mama mkwe akakunja vidole, akahesabu.

"Mwanangu aliondoka lini vile?"

"Mama, si ulimfungia mizigo mwenyewe?"

"Nilimfungia. Ndiyo maana nauliza."

Tangu siku hiyo hesabu haikukoma. Jirani akija kuomba chumvi, aliambiwa kwa sauti ya kufika mpaka jikoni: "Tunangoja Julai. Julai ikipita, tutajua aliyelala kitanda cha mwanangu." Evert akipiga simu, mama alitangulia kupokea, Yahoska akipewa, alimkuta mumewe kashanuna. Yahoska akakimbilia kwa mamake mzazi, mitaa mitatu tu kutoka pale. Mama alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Nilikukataza, ukasema unampenda. Haya, mpende."

Usingizi ukampotea, miguu ikavimba. Kliniki, nesi alimpima presha mara mbili, akamkazia macho.

"Nyumbani anakusaidia nani?"

"Wote," alisema Yahoska.

Mwisho wa Mei, akiwa kazini, macho yakaingia giza. Mtoto alitolewa kwa upasuaji: wa kiume, hata kilo moja na nusu hakufika. Doña Tránsito alipoingia wodini hesabu alikuwa nayo tayari, na uso umekunjuka.

"Miezi saba kamili. Basi ni damu yetu. Mungu kamleta mapema akutoe aibu, binti yangu."

Mtoto aliishi siku tisa. Msibani hakuna aliyemshinda Doña Tránsito kwa kilio. Yahoska alikaa kimya, maziwa yakimlowesha kifua, na watu wakasema yule ana roho ngumu.

Baada ya maziko hakurudi nyumba ile. Alihamia kwa Ileana, mwenzake wa kiwandani. Mwezi uliofuata Evert akampata kwa simu.

"Rudi nyumbani. Mama ameshakusamehe."

"Amenisamehe nini?"

Yahoska akakata simu. Hakupokea simu yake tena.