Nilitangaza kilo za jirani yangu mjamzito

Kosa ni langu, na sitalisukumia vita. Huku kwetu Kongo kila kitu tunasingizia vita. Mimi niliua kwa mdomo wangu.

Nilikuwa msaidizi katika kituo kidogo cha afya Butembo, enzi za waasi. Mizani yetu ilikuwa imeporwa, basi siku ya kupima mimba tuliazima ile ya depo ya kahawa. Kwenye mizani ya kahawa mpimaji hupaza sauti ili karani aandike. Nami nikawa napaza sauti! Uwanja mzima unasikia.

Mama Kahindo alikuwa jirani yangu, muuza mawese, mnene tangu usichana wake. Askari walinunua kwake kama walivyonunua kwa wengine. Mimi nilikuwa nimekimbia vita kutoka kijijini Mbau, shamba nimeliacha, nguo zinanivuka kwa kukonda. Kusema kweli, nilimwonea wivu.

Alipopanda nikapaza: “Kilo mia moja na ine!” Halafu, Mungu wangu, nikaongeza: “Siye tunakonda juu ya kukimbia, weye unanona! Basoda banakulishaka nini?”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuambiwa unakula na askari, siku zile, lilikuwa tusi la kumfanya mtu achomewe nyumba. Alishuka taratibu, akakaza kitenge chake.

“Nilikuya kupimisha mimba, dada,” alisema. “Hapana kuchekwa.”

Akaondoka kabla muuguzi hajampima presha. Sikumfuata. Nilimwita aliyefuata.

Hakurudi tena. Nilikuwa nikimwona asubuhi, uso umevimba, miguu imejaa. Tulifundishwa dalili hizo! Lakini niliona aibu kumwomba msamaha, nikajiambia ni unene tu. Unene tu!

Mimba ikiwa ya miezi minane, akashikwa na kifafa cha mimba. Walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, kupanda kilima chote kile. Alifika amekwisha kukata roho, na mtoto tumboni.

Mume wake akaniuliza: “Mama, siku ile mulimupimaka nini?”

Nikatoa fishi yake, kadi ya kliniki. Kilo tu ndizo zilizoandikwa. Presha hakuna, mkojo hakuna. Nikamdanganya yule mwanamume, nikasema mke wake hakutaka kungoja zamu. Akaitika kwa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru!

Sasa mdogo wa marehemu ana mimba, naye ni mnene vilevile. Nimekwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu nilipiga magoti jikoni kwake, nikasema yote, hata ule uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi.

“Nilishajua,” alisema. “Dada alinielezaka. Mie nitazalia ku nyumba.”

Nikamsihi aende hata kituo kingine, Beni au popote. Akasema kila mahali kuna mizani na kuna watu wa kucheka. Jumapili nilimwona kanisani, miguu imeanza kuvimba.

Wenzangu mnaopima watu, andikeni kilo kimya kimya na mfunge midomo yenu. Msidhani mtapata nafasi ya kurekebisha. Mkimfukuza mama mmoja kwa kicheko, mmefukuza na dada zake wote. Mimi nimepiga magoti, na hawaji.